Na K. Nzaro, Tarumbeta

Nilikuwa mlinda mlango, si zaidi.
Chumba cha nyuma, duka la vitambaa, Mtaa wa Biashara,
magodoro yamesimamishwa ukutani kunyonya mwangwi,
feni imezimwa isije ikaimba nasi,
na mimi nje, kidole mdomoni,
nawanyamazisha wanunuzi wa leso:
"Shss. Kunarekodiwa."

Famau wa akodiani hakuja.
Jino. Shavu limeumuka kama andazi,
katuma mtoto na salamu, chombo hakutuma.
Bi Mwanaidi Shekuwe akavua miwani, akaipangusa,
akaivaa, akaivua.
Mashine ilikuwa ya kukodi, inakula pesa kwa saa.

Ndipo mtu akasema, yuko Katana Nzaro,
yule wa bendi ya hoteli kule Nyali,
anayewapulizia Wajerumani wakila kamba.
Tarumbeta? Kwenye taarabu?
Mpiga fidla akacheka puani.
Bi Mwanaidi hakucheka. "Mgeni njoo," akasema,
na nusu ya pili akaimeza.

Alifika na tai ya kipepeo shingoni,
jasho la daraja zima mgongoni.
Hakuuliza ufunguo wala mahadhi.
Aliuliza: "Huyu mwanamke wa kwenye wimbo, anangoja nini?"
"Barua."
"Itafika?"
Bi Mwanaidi akamtazama kitambo.
"Wewe piga tu."

Akavua soksi ya mguu wa kushoto,
akaisokomeza kinywani mwa tarumbeta.
Wenye adabu zao wakatazama dari.
Taa nyekundu.

Nilisikia kutoka mlangoni. Kwanza pumzi,
ya mtu aliyepanda ngazi na gunia,
kisha sauti, nyembamba, ya pembeni,
haikutaka kiti cha mbele.
Ilipita nyuma ya maneno yake
kama mtu apitaye nyuma ya wanaoswali,
ameinama, viatu mkononi,
ila pale bibi alipotamka "kesho"
ikasimama wima, ikakataa.
Sekunde arobaini. Kunguru akalia juu ya mabati,
naye yumo kwenye kanda mpaka leo, bila malipo.
Katana alilipwa shilingi sitini na chai.

Kasha la kanda liliwataja wote:
mtunzi, fidla, dumbaki, hata mwenye duka.
Yeye hapana. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
huyu hakupewa hata mpini.
Basi nikanunua biki. Kila nakala niliyouza
niliandika kwa mkono chini ya picha:
*na K. Nzaro, tarumbeta.*
Biki nne zikaisha. Ya tano ikavujia kanzu ya Idi
na mke wangu akasema, huyo Nzaro ni nani yako?
Sikuwa na jibu. Sinalo.

Harusini waliitaka "ile ya tarumbeta".
Bi Mwanaidi aliimba, na akifika pale
alinyamaza.
Famau, jino limepona, akitaka kupajaza,
alimzuia kwa kiganja.
Wenye kanda nyumbani tuliisikia, hivyo hivyo, kimya kikipiga.
Wengine walidhani mama kasahau beti,
wakainuka kumtunza noti kwa huruma.

Juzi kaja kijana wa Kisauni, kompyuta kwapani,
ataka kukikata kile kipande akitie chake.
"Nani huyu, mzee?"
Nikamtajia. Akaandika, na nikamsimamia
mpaka *o* ya mwisho.

Akanisikilizisha kazi. Safi kupita kiasi.
Kunguru kamfukuza.
Na ile pumzi ya mwanzo kaifagia, kama taka.

Nikachomoa vile vidude masikioni, nikamrudishia.
Kunguru, haya, na aende zake.
Lakini hiyo pumzi irudishe, mwanangu.
Mtu haingii nyumba ya watu
bila hodi.